Nilifuta ubao mwanafunzi wangu akiitwa msaliti. Sasa nifanyeje?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu. Nasomea ualimu, na masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Huu ni mwezi wangu wa kwanza wa mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita, katika shule moja ya kutwa huku Eastlands, Nairobi. Nimepewa Kidato cha Tatu, wanafunzi 58 katika chumba kimoja.

Siku ya kwanza niliingia na andalio la somo la kurasa tatu nililoliandika mara mbili usiku. Kipindi ni dakika 40. Nilipomaliza kusema kila nilichokuwa nacho nikatazama saa, nikakuta dakika 17 tu zimepita. Nikauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Msichana wa dawati la mbele akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tusomee tu noti, tuandike." Nikawasomea noti hadi kengele ikalia, na tangu siku hiyo noti ndiyo kimbilio langu. Mwalimu wa somo, ambaye ndiye anayenilea, alinikabidhi maazimio ya kazi, kitabu na orodha ya majina, akanikaribisha vizuri, lakini hajawahi kuketi darasani nikifundisha. Simlaumu. Ana vipindi vingi, na pia amebebeshwa Gredi ya 10 ya mtaala mpya.

Lakini si hilo hasa linaloninyima usingizi.

Wiki ya tatu tulifika mada ya jinsi jamii za Kenya zilivyowapokea Waingereza. Niligawanya ubao kwa mstari katikati. Kushoto nikaandika waliopinga: Wanandi, Koitalel arap Samoei. Kulia nikaandika walioshirikiana nao: Wamaasai na Lenana, Nabongo Mumia wa Wanga. Historia tunaifundisha kwa Kiingereza, na lile neno la kitabuni la upande wa kulia, "collaborators", wanafunzi walijitafsiria wenyewe. Kwao likatoka "wasaliti".

Mvulana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, kwa hivyo Wamaasai ndio waliouza nchi?"

Darasani mna Mmaasai mmoja tu. Ametoka Kajiado, anaishi kwa shangazi yake hapa mtaani. Ni kijana mpole, na katika wiki mbili za kwanza ndiye aliyekuwa akijibu maswali yangu wengine wote wakinikodolea macho. Vichwa vyote viligeuka kumtazama. Mtu wa nyuma akasema "msaliti", mwingine akadakia, kicheko kikaenea, wengine wakaanza kugonga madawati. Yule kijana alikuwa ameshika kalamu. Aliifunika kifuniko, akaiweka juu ya daftari, akainamisha kichwa.

Mwalimu, nilisimama pale na chaki mkononi na sikujua la kusema. Nilichofanya ni kuchukua dasta, nikafuta ubao wote, nikasema, "Tuendelee." Nikaanza kusoma noti za mada inayofuata.

Sasa yapata siku kumi. Kijana huyo amehamia dawati la mwisho kando ya dirisha. Hainui mkono tena. Jina "Lenana" limekuwa jina lake la utani, nimelisikia kwa masikio yangu wakati wa mapumziko. Nilimweleza mkuu wa idara. Akasema hayo ni mambo ya watoto, yatapita, nikaze mwendo nimalize silabasi kwa sababu mtihani wa KCSE hauulizi hisia za mtu. Mkaguzi kutoka chuoni anakuja wiki ijayo, na sitaki anikute nikizima moto.

Je, nimwombe radhi kijana huyu au nitakuwa nakitonesha kidonda? Nirudi kwenye ile mada au niiache ilivyo? Na tafadhali niambie ukweli: mtu anayeganda hivi mbele ya watoto anafaa kweli kuwa mwalimu?

Mwalimu wa Mazoezi, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho ili liondoke njiani. Unafaa. Mtu asiyefaa angeshasahau ile kalamu iliyofunikwa kifuniko. Wewe umeiona, na siku kumi baadaye bado unaiona.

Lakini sitakuambia kwamba hukukosea. Kuganda hakukuwa kosa, maana hata mimi niliyesimama darasani miaka 31 niliwahi kuganda. Kosa lilikuwa kufuta ubao. Ulipofuta yale maandishi na kuendelea, darasa zima liliona kwamba lile neno limesemwa, mwalimu amelisikia, na mwalimu hana neno nalo. Yule kijana naye aliona hivyo hivyo. Ndiyo maana amehamia dirishani.

Nakuambia hili kwa uchungu kwa sababu nimelifanya. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kijana kama wewe, nafundisha Kidato cha Pili upande wa Kiambu, na siku moja nikagusia hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Nilizungumza kwa moyo wote juu ya wapiganaji wa msituni wa Mau Mau na juu ya ngati, wale homugadi waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni. Niliwapaka matope ngati mbele ya watoto 40. Msichana mmoja akainuka, akatoka nje. Sikumfuata. Nilidhani ana haja zake. Baadaye nikaja kujua kwamba babu yake aliyemlea alikuwa ngati, na kwamba nyumbani kwao jambo hilo halitajwi hata kwa kunong'ona. Mwaka uliofuata, walipochagua masomo, aliliacha la Historia. Nilikuwa na mwaka mzima wa kusema naye na sikusema.

Kwa hiyo mwombe radhi, na usingoje. Usimwite ofisini wala usimsimamishe mbele ya wenzake. Mngoje mlangoni wakati wengine wanakimbilia chai, umwambie maneno machache tu: "Siku ile ulitukanwa mbele yangu, nami sikufanya kitu. Nilipaswa kuwanyamazisha. Nisamehe." Basi. Usimwulize anajisikiaje, usimtake akusamehe papo hapo, usimweleze kwamba wewe ni mgeni kazini. Anaweza kuitikia kwa kichwa tu na kuondoka. Mwache aondoke.

Wale waliomwita msaliti, na wanaomwita Lenana hadi leo, waite mmoja mmoja, na useme nao bila kicheko. Mkuu wako wa idara anasema ni mambo ya watoto. Namheshimu, huenda ana mzigo usiouona, lakini kwa hili sikubaliani naye hata kidogo. Sisi tuliokuwa Nairobi Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tunajua neno la kabila linaanza likiwa mzaha na linaishia wapi. Mitaa ya huko huko Eastlands inajua. Mtoto wa Kidato cha Tatu leo hakuwa amezaliwa wakati huo, na kama hatuambiwi sisi walimu tumweleze, sijui ataelezwa na nani.

Ila yule aliyeuliza kama Wamaasai waliuza nchi, usimwadhibu. Swali lake lilikuwa zuri. Lilikuwa ndilo swali la kwanza la kweli kuulizwa darasani mwako tangu uingie, na bado anangoja jibu.

Ndiyo maana nakwambia rudi kwenye mada ile. Nenda kwa mwalimu wako wa somo asubuhi mapema kabla ya gwaride, ukiwa na maazimio ya kazi mkononi, umwombe kipindi kimoja tu cha kurudia. Mwombe pia aje aketi nyuma. Huenda hajaja kwa sababu hajaombwa, maana walimu wengi wazoefu huogopa kumkalia kijana kichwani.

Sasa nikueleze jinsi ambavyo mimi ningekifundisha kipindi hicho. Usiandike mstari katikati ya ubao. Ule mstari ndio uliokuponza, maana ukishawapa watoto pande mbili watatafuta upande wa wema na upande wa uovu. Andika mwaka mmoja tu, 1904, kisha uwaulize Lenana alikuwa na nini mkononi mwaka huo.

Hapo wape habari zenyewe, pole pole. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Wamaasai. Ndui ikafuata, na ukame. Baba yake Lenana, Mbatian, aliyekuwa oloiboni, yaani kiongozi wa kidini, alipofariki, Lenana na ndugu yake Sendeyo wakapigania urithi, jamii ikapasuka. Sendeyo akawa upande wa Loita na wafuasi wake wenye silaha. Reli ikafika Nairobi 1899, mahali ambapo Wamaasai wenyewe walikuwa wamepaita kwa maji yake baridi, na pamoja na reli wakaja askari wenye bunduki. Wagawe watoto katika vikundi vya wanne wanne pale pale kwenye madawati yao, uwape dakika nane. Waambie: ng'ombe wako wamekufa, watu wako ni wagonjwa, ndugu yako anakuwinda, mgeni ana bunduki na anakwambia atakusaidia. Unafanya nini, na kwa nini? Tembea kati yao, usikilize. Watabishana, na kelele za kubishana zisikutishe. Zile dakika 23 zilizokutoa jasho siku ya kwanza zilikuwa zinangoja kazi ya namna hii, mwanangu. Sauti ya mwalimu peke yake haiwezi kujaza dakika 40, hata ya mwalimu mzee.

Wakishajibu, wape kilichotokea. Makubaliano ya 1904 yaliwatoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, na yakaandikwa kwamba yatadumu maadamu Wamaasai wangalipo. Yalidumu miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatiwa saini ili wale wa Laikipia nao waondoke, ardhi ipewe walowezi. Waulize kama wanajua walichofanya Wamaasai baada ya hapo. Naweka dau hakuna atakayejua. Walikwenda mahakamani! Ole Gilisho na wenzake walipinga kuhamishwa, wakaweka wakili, wakaishtaki serikali ya kikoloni. Mwaka 1913 mahakama ikasema haina uwezo wa kuamua, kwa hoja kwamba ule ulikuwa mkataba kati ya Mwingereza na taifa la kigeni. Wageni katika nchi yao wenyewe. Hilo neno "kigeni" liandike ubaoni kwa herufi kubwa, kisha unyamaze kidogo.

Hadi hapo hujamtaja yule kijana, na usimtaje. Usimgeukie useme, "Hebu tuambie nyinyi Wamaasai mnaonaje." Walimu wengi wenye nia njema hufanya hivyo na kuharibu. Yeye ni mwanafunzi wa Historia kama wale 57. Akitaka kusema atasema.

Halafu geuza darasa zima lijitazame. Ni kweli Wanandi walipigana tangu 1895 hadi Koitalel alipouawa Oktoba 19, 1905, akiwa ameitwa kwenye mazungumzo ya amani. Lakini chukua Waluhya: Wabukusu walipigana hadi ngome ya Chetambe ilipoanguka 1895, na waliowashambulia walisaidiwa na watu wa Mumia wa Wanga, Waluhya wenzao. Chukua Wakikuyu: Waiyaki wa Hinga alikamatwa Dagoretti akafariki Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani, na huko huko Dagoretti Kinyanjui wa Gathirimu akashirikiana na Waingereza hadi wakamfanya chifu mkubwa. Chukua Wajaluo: Ugenya na Seme walipinga, Gem wakashirikiana. Majina hayo yote yamo katika kitabu chao, ila yamewekwa kurasa mbalimbali, na mtoto akisoma kwa ajili ya mtihani hayaunganishi. Wewe yaunganishe. Aliyepiga kelele nyuma atagundua kwamba kwao pia wamo wa aina zote mbili.

Mwisho liendee lile neno. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili pia, na hapo una silaha ambayo mwalimu wako wa somo huenda hana. Kushirikiana na kusaliti si neno moja. Msaliti anauza alichoaminiwa na watu wake. Waulize: mwaka 1904 kulikuwa na Kenya ambayo Lenana aliapa kuilinda? Koitalel na Lenana walikuwa raia wa nchi moja? Mipaka hii tunayojivunia ilichorwa na nani? Usiwape jibu. Na wala usiwalazimishe waseme Lenana alifanya vyema, kwa sababu mtoto ana haki ya kusema alikosea, mradi aseme kwa nini, kwa habari za mwaka ule.

Kuhusu noti, mkuu wako wa idara ana hoja na usimdharau. Watoto hawa watafanya mtihani, na Karatasi ya Kwanza ni ya Kenya tupu. Nunua karatasi ya manila, andika usiku ule hoja sita za sababu zilizowafanya Wamaasai kushirikiana na Waingereza, uitundike ukutani dakika kumi za mwisho wainakili. Lakini mweleze mkuu wako, kwa adabu, kwamba katika maswali ya insha hoja iliyotajwa tu haipati alama sawa na iliyoelezwa, na mtoto hawezi kueleza asichokielewa. Sotoka aliyoisikia kama habari ya mtu aliyepoteza kila kitu ataikumbuka akiwa na kalamu mkononi. Sotoka iliyo nambari tatu kwenye orodha itamponyoka.

Ukiwa na nafasi baadaye, na kama shule itaruhusu, wapeleke mjini Jumamosi moja. Kwenye Kenyatta Avenue ipo ile sanamu ya askari watatu ya mwaka 1928, mmoja wao akiwa hamali asiye na bunduki. Wanapita hapo kila siku bila kuitazama. Hamali huyo wa Carrier Corps ndiye aliyeupa mtaa wa Kariokor jina lake, ule ule ambao makanga huuita kila asubuhi. Mahamali hao walikuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi hawakurudi. Waulize wale nao ni wasaliti?

Huyo mkaguzi usimwogope. Amewaona wanafunzi wengi wakisoma noti kwa sauti nzuri. Usimpangie kipindi cha maonyesho. Ikiwa siku aliyochagua ndiyo siku ya kurudia mada hii, usiibadilishe. Mpe andalio lako, na chini ya sehemu ya maoni andika kwa mkono wako kwamba kipindi cha kwanza hakikwenda vizuri, na kwa nini. Mwonyeshe kiti kilicho wazi kule nyuma, upande wa dirisha, kisha nenda ubaoni uandike 1904.